Naomba ushauri: jaribio la kuelea na kuzama nalipaje alama?

Mwl_Beseni
Wakuu, heshima kwenu. Nafundisha sayansi watoto wa miaka 8 na 9. Juzi kila kikundi nilikipa beseni la maji, msumari, jiwe, mshumaa na kifuniko cha chupa. Watabiri kwanza, kisha wajaribu. Nikasahihisha majedwali: vema, kosa, vema. Waliopata zote ni wale waliochungulia beseni la jirani! Kuna binti aliandika mshumaa utazama "kwa sababu ni mzito kuliko msumari". Ulipoelea, akausukuma hadi chini, ukaibuka, akausukuma tena. Huyo nimempa 2 kati ya 5, na roho inanisuta. Wenzangu mnapimaje?

Kalamu_ya_Wino
Mwalimu, utabiri usiupe alama. Ipe alama sababu. Waandike kwa wino kabla mkono haujagusa maji, maana kwa penseli watafuta tu. Mimi natazama mambo matatu: ametoa sababu? Amebadilisha kitu kimoja kwa wakati? Baada ya kuona, maelezo yake yamesogea? Binti wako usimkadirie kabla hujamuuliza hilo la tatu.

MzeeWaMizani
Nakubali nusu. Mwisho wa muhula ofisi inataka namba, haitaki hadithi. Wape swali jipya: donge la plastisini (ule udongo laini wa kufinyangia watoto) linazama, lifanye lielee bila kuongeza wala kupunguza kitu. Uzito ni uleule, kwa hiyo wa "kizito huzama" hana pa kukimbilia. Wengi watalibamiza liwe bapa, nalo litazama vilevile. Nyamaza. Mmoja atainua kingo. Hapo andika anachosema neno kwa neno. Akisema "limeshika hewa", bado hajafika kwenye maji yanayosukumwa pembeni, lakini ameshauacha uzito peke yake. Mimi hapo natoa 3 kati ya 4.

Tone
Na sindano ziache nyumbani 😂 Mtoto akiilaza taratibu inakaa juu, kwa mvutano wa uso wa maji, basi kipindi kimeisha.

Mwl_Beseni
Nimecheka. Ila MzeeWaMizani, nina watoto 46. Nitawasikiliza wote saa ngapi?

MzeeWaMizani
Kikundi kimoja kwa kipindi, kijidaftari mfukoni. Wengine wachore walichokiona. Ukitaka wote siku moja utasikia kelele tu.

Mwl_Beseni
Mrejesho. Leo nimeanza na kikundi cha yule binti. Nikamuuliza mbona mshumaa haukuzama. Akafikiri, akasema: "Mwalimu, tuukate uwe mdogo kama msumari, halafu tuone." Nimemkatia. Kipande kimeelea. Ile 2 nimeifuta. Sasa anadai msumari mkubwa kama mshumaa, na mimi sina.

Kalamu_ya_Wino
Mtafutie boliti nene.