Diski ya nje kwa bekapu ya laptopu ya ofisi: 1TB au 2TB? Na je, inafaa kupandishwa mlimani?

DadaWaMarangu (Moshi)

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kabla sijatoa hela.

Laptopu ya ofisi ni ya Windows 11 Home, diski yake ya ndani (SSD) ni 512GB na imeshajaa kama 310GB: picha za safari, mahesabu, mikataba, na nakala za pasipoti za wageni. Bekapu iliyopo ni flashi ya 64GB ambayo haitoshi tena. Nataka diski ya nje.

Ninunue ukubwa gani? Kuburuta mafolda kwa mkono kunatosha au kuna programu nzuri? Ikae imechomekwa muda wote? Na la mwisho: mpiga picha wetu hulala Horombo na Kibo, vituo vya kulala vya Mlima Kilimanjaro, pamoja na wageni, anataka diski hiyohiyo apande nayo awe anamwaga picha kila usiku. Inawezekana? Umeme wetu nao mnaujua unavyokatika, hilo pia linanipa wasiwasi.

---

FundiSakina (Arusha)

Dada, nianze na la mlimani, maana ndilo litakaloua diski mapema.

Diski ya kawaida ina sahani zinazozunguka, hizi za kubebeka nyingi ni mizunguko 5,400 kwa dakika. Kichwa cha kusomea hakigusi sahani, kinaelea juu yake kwa mto wa hewa mwembamba mno, wa kupimwa kwa nanomita. Hewa ikiwa nyepesi, mto ule unashuka na kichwa kinakaribia kukwaruza. Ndiyo maana watengenezaji huweka kikomo cha urefu wa kufanyia kazi, na kwa nyingi ni kama mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Mandara iko mita 2,720, hapo bado uko salama. Horombo ni 3,720, umeshapita. Kibo ni zaidi ya 4,700, hapo usiiwashe kabisa. Ongeza baridi: nyingi zimeandikiwa kufanya kazi kuanzia nyuzi 5 za joto, na usiku wa Kibo unashuka chini ya sifuri.

Ikiwa imezimwa haina shida. Kikomo cha diski isiyowashwa ni kama mita 12,000, kwa hiyo kuibeba kwenye begi hakuna neno. Kuiwasha ndiko kubaya.

Mpiga picha mpeni SSD ya nje ya 1TB. Haina sahani wala kichwa, hewa nyepesi haiihusu. Aitunze ndani ya koti, na akiingia kwenye banda lenye joto akitokea baridini asiichomeke papo hapo, aiache kwenye mfuko wake nusu saa hivi ili umande usishike kwenye pini. Kadi za kamera zisifutwe mpaka picha ziwe zimekaa sehemu mbili nyingine. SSD peke yake mfukoni, huku kadi zimeshafutwa, bado ni nakala moja tu.

Ya ofisini ndiyo iwe ya sahani, kwa sababu kwa kila TB bei yake ni nafuu zaidi. Chukua 2TB. Una 310GB leo, lakini bekapu inayotunza matoleo ya zamani inahitaji walau mara tatu ya data yako, na picha haziachi kuongezeka. Usishtuke Windows ikikuonyesha 1.81TB (ya 1TB huonyesha 931GB). Hujaibiwa: kiwandani wanahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

---

Binti_Njiro (Arusha)

Naongezea kwenye ununuzi, maana hapo ndipo watu wanapigwa.

Ukiona "SSD 16TB" kwa bei ya flashi, achana nayo. Ndani huwa ni kadi ndogo ya kumbukumbu iliyochezewa ijitangaze kuwa kubwa. Inapokea mafaili yote bila kulalamika, kisha yaliyozidi uwezo wake halisi yanafutana. Majina utayaona, ukifungua hayafunguki.

Kwa diski ya sahani udanganyifu ni wa aina nyingine: diski iliyotolewa kwenye laptopu ya zamani ikavishwa kasha jipya. Hapohapo dukani ichomeke kwenye laptopu yako, ufungue programu ya bure CrystalDiskInfo. Tazama saa ilizowashwa na mara ilizowashwa. Mpya kweli inasoma sifuri au karibu na sifuri. Ukikuta saa 9,000, mrudishie mwenye duka. Tazama pia mistari ya 05, C5 na C6, yote mitatu iwe sifuri. 05 ni sehemu mbovu zilizokwisha kubadilishwa, C5 ni zinazosubiri kuamuliwa, C6 ni zilizoshindikana kusomeka.

Ukifika nyumbani, kabla hujaweka faili lolote la maana, endesha H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi wa diski. Inajaza diski nzima halafu inasoma kila kitu upya. Kwa 2TB anza asubuhi na usitegemee imalize kabla ya usiku: kwa wastani wa MB 100 kwa sekunde, kuandika peke yake ni saa tano na nusu, kusoma ni kiasi hichohicho. Chosha diski sasa, ikiwa bado ina risiti na waranti.

Kuhusu kebo: diski nyingi za sahani zinakuja na kebo fupi yenye kichwa kipana chenye sehemu mbili. Hiyo fupi ndiyo uitumie. Tundu la USB 2 kwa kanuni linatoa miliampea 500, USB 3 inatoa 900. Diski ikianza kuwaka na kuzima, au kulia tik tik kila sekunde chache, usiizike kwanza. Badilisha kebo, hamia tundu la bluu (la USB 3), toa ile hab ya matundu manne katikati. Ikiendelea kulia tik tik kwenye kompyuta mbili tofauti kwa kebo tofauti, hapo ni kichwa, na kila dakika unayoiwasha inakuharibia. Zima.

---

Mzee_wa_Nakala (Moshi)

Kwa njia ya kufanya, dada, tumia File History iliyomo ndani ya Windows, haina gharama. Kwenye Windows 11 wameificha: fungua Control Panel, System and Security, File History, kisha Turn on. Bila kuigusa inanakili kila saa moja na kutunza matoleo milele. Ingia Advanced settings uweke mwaka 1, la sivyo diski itajaa, maana faili likibadilika kidogo tu inahifadhi nakala yake nzima. Iache imechomekwa, hutakumbuka tena habari ya bekapu.

Angalizo moja: inachukua Documents, Pictures, Desktop na wenzao. Folda uliyoianzisha mwenyewe moja kwa moja kwenye C haiiangalii mpaka uiingize kwenye maktaba: bofya kulia, Show more options, Include in library. Mahesabu mengi yanakaa kwenye folda za namna hiyo, na watu huja kugundua siku ya msiba.

---

FundiSakina (Arusha)

Mzee, kwa File History nakubali, ila kwa "iache imechomekwa" napinga kwa nguvu zote.

Virusi vya kudai fidia vikiingia kwenye laptopu vinafunga kila diski inayoonekana, na ya nje imo. Mwizi akiingia ofisini anabeba laptopu pamoja na kinachoning'inia. Radi ikipita kwenye nyaya, vyote viko kwenye waya mmoja. Diski isiyochomoka ni kama chumba cha pili cha nyumba ileile.

Kwa hiyo diski mbili, dada, si moja. Moja inakaa ofisini kwenye droo inayofungwa, inachomekwa jioni, inanakili, inachomolewa. Ya pili inakaa nyumbani, na kila Ijumaa zinabadilishana. Hela ikiwa haitoshi leo, nunua mbili za 1TB badala ya moja ya 2TB. Nakala mbili zenye nafasi finyu ni bora kuliko moja yenye nafasi tele.

Na kwa diski inayochomekwa mara moja kwa siku, FreeFileSync (programu ya bure ya kulinganisha na kunakili folda) inakaa vizuri kuliko File History. Kushoto weka folda za laptopu, kulia diski. Chagua Update, siyo Mirror. Mirror inafanya kulia kufanane na kushoto kabisa: ukifuta folda kwa bahati mbaya saa nne asubuhi, jioni inakufutia na nakala. Update haifuti. Kisha kwenye mpangilio washa Versioning uipe folda yake kwenye diski, ili faili lililobadilishwa toleo lake la zamani lihamie pale badala ya kufunikwa. Hifadhi mpangilio, siku inayofuata unabofya mara mbili tu.

Wanaopenda robocopy, amri ya kunakili iliyomo ndani ya Windows, kisa ni hichohicho: /MIR inafuta, /E haifuti. Na msisahau /R:2 /W:5. Bila hizo, ikikwama kwenye faili moja inarudia mara milioni moja, ikingoja sekunde 30 kila mara. Utadhani imeganda.

Kuburuta kwa mkono kunafaa mara ya kwanza tu. Baada ya hapo huwezi kujua kipi kimebadilika, na ikikatika katikati hujui ilipofika.

---

DadaWaMarangu (Moshi)

Asanteni sana wakuu, nimeelewa: mbili za sahani kwa ofisi na SSD ya mlimani. Nimebakiwa na matatu. Kufomati (mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski), NTFS au exFAT? Umeme ukikatika katikati ya kunakili inakuwaje? Na zile pasipoti, diski ikipotea kwenye daladala si nimeanika wageni?

---

Binti_Njiro (Arusha)

NTFS, kwa sababu kompyuta zenu ni Windows tupu na kwa sababu ya hilohilo la umeme. NTFS inaandika daftari la mabadiliko kabla ya kuyafanya, ikikatizwa inajua pa kurudia. exFAT haina daftari hilo. exFAT iache kwenye SSD ya mpiga picha kama anabadilishana na mtu wa Mac. FAT32 usiiguse, haipokei faili linalozidi 4GB, na video moja tu inavuka hapo.

Laptopu yenye betri nzima haitasikia umeme ukikatika, diski inakula kwenye betri. Hatari ni laptopu ambayo betri imekufa na inaishi kwa chaja. Kama ni hiyo, badilisha betri kabla ya kununua diski ya pili, au weka UPS ndogo (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika). Ikikatizwa na Windows ikagoma, amri ya Windows chkdsk E: /f hurekebisha mpangilio wa mafaili (E ni herufi ya diski yako). Lakini kama CrystalDiskInfo inaonyesha C5 inapanda, usiendeshe chkdsk. Nakili kwanza vinavyosomeka.

Pasipoti: umefanya vema kuuliza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde, na nakala iliyo kwenye diski inahesabika. Windows Home haiwezi kuanzisha BitLocker (kufuli la Windows la kuficha data ya diski kwa nywila) kwenye diski ya nje, ila inaweza kufungua iliyoanzishwa kwenye Windows Pro. Tafuta laptopu ya Pro unayoiamini, funga diski zote mbili zikiwa bado tupu, chapisha ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye karatasi, uweke mbali na diski. Au tumia VeraCrypt, bure, inafanya kazi kwenye Home. Ndani yake tengeneza faili-kasha (faili moja lenye nywila linalobeba mafaili mengine) badala ya kufunga diski nzima, kwa sababu diski nzima iliyofungwa na VeraCrypt Windows huiona kama haijafomatiwa, na inakuuliza kama uifomati. Mfanyakazi asiyejua atabofya ndiyo.

---

Mzee_wa_Nakala (Moshi)

Fundi, kwenye kuchomoa nimekubali, na kwa virusi una haki.

Dada, kabla ya kunakili funga programu ya mahesabu. Faili lililo wazi ama linarukwa ama linanakiliwa nusu, na nusu ya daftari la mahesabu haifunguki. Programu nyingi za mahesabu zina bekapu yao ndani, tumia hiyo kwanza kisha faili linalotolewa nayo ndilo liende kwenye diski.

Pia kagua OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft. Laptopu nyingi mpya zinahamishia Desktop na Documents huko bila mtu kufahamu, na mafaili yenye alama ya wingu hayapo kwenye laptopu, ni jina tu. Ukinakili yanaanza kushushwa kwa bando lako, au yanashindikana. Bofya kulia kwenye folda, Always keep on this device, usubiri yashuke yote.

---

FundiSakina (Arusha)

Mawili ya mwisho upande wangu.

Kabla ya kuchomoa, bonyeza Eject, kisha hesabu sekunde kumi sahani zisimame. Diski iliyosimama, vichwa vikiwa vimeegeshwa, inavumilia daladala ya Moshi hadi Arusha ndani ya kipochi kigumu. Inayozunguka haivumilii hata kuangushwa kwenye meza. Usiiweke juu ya laptopu wala pembeni ambapo waya unaweza kuvutwa. Tundu likivunjika kwenye diski ambazo USB imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi, huwezi kuitoa ukaivisha kasha lingine, ni kazi ya kuchomelea chini ya lenzi.

Na mara moja kwa mwezi chukua diski, nenda kwenye kompyuta nyingine, fungua picha moja, mkataba mmoja na bekapu ya mahesabu ya wiki iliyopita. Zifungue kweli, usiishie kuona majina. Nakala ya kwanza kabisa ya 310GB itachukua saa moja hadi mbili kwa USB 3 kwa sababu picha ndogondogo zinachelewesha. Kwenye tundu la USB 2 tenga saa tatu na zaidi. Za jioni baada ya hapo ni dakika chache.

---

DadaWaMarangu (Moshi)

Nimeyaandika yote mliyosema. Kesho naanza na betri ya laptopu, kumbe imekufa siku nyingi. Jumamosi naenda dukani na CrystalDiskInfo ikiwa tayari kwenye laptopu.