Naomba ushauri: kigoda cha marehemu baba
Habari zenu ndugu zangu. Baba alituacha mwaka jana, kwetu Siaya. Kwenye boma la Wajaluo kila kitu kina mahali pake: nyumba ya mke mkubwa hutazama lango, simba, yaani nyumba za wavulana, huwa karibu na lango. Kigoda chake kiko chini ya mwembe, kimebonyea pale alipokalia, na pembeni kuna alama nyeusi ya kiko.

Mchwa wameanza kukitafuna. Kaka anataka nikilete kwangu Nakuru. Mama hasemi neno, ila kila asubuhi hukifuta kwa leso na kukirudisha palepale, kikitazama lango.

Mliopitia haya, mlimuulizaje mama? Au nikipake tu oili chafu miguuni, kibaki pale?