Watu wa Shabab: CD ya Kwanza Iko Kisumu

JUMATANO

Shiru [06:52]: Habari za asubuhi watu wa mtaa wa Shabab, Nakuru. Narudia kwa wale waliosoma jana wakanyamaza. Mama anahamia Subukia tarehe 30, kwa hivyo Jumamosi hii ndiyo ya mwisho tukiwa na ile nyumba. Kabla vitanda vya chumba cha marehemu Brayo havijafunguliwa, nataka tuketi mle ndani tuisikilize yote ile albamu aliyoipenda, "In Your Honor" ya bendi ya rock Foo Fighters. CD zote mbili, wimbo wa kwanza hadi wa 20. Hata dakika 90 hazifiki. Kasha ninalo mimi. CD ya kwanza iko kwa Otis, Kisumu. Ya pili iko kwa Kanja. Kila mtu anijibu kufikia saa sita.

Shiru [12:10]: Saa sita imepita. Mmesoma, nawaona.

Boi [12:31]: Niko, dada. Swali tu, ni mbuzi au kuku?

Shiru [12:32]: Boi, hii si saa ya mbuzi.

Boi [12:32]: Kila saa ni saa ya mbuzi

Mama Toto [12:40]: 😂😂

Kanja [13:05]: Ya pili nitaileta. Lakini Shiru, kusema ukweli, kama muda ni mfupi tusikilize ya pili peke yake. Ile ndiyo Brayo. Kwenye ya kwanza nyimbo zote 10 zimewashwa moto mwanzo hadi mwisho, Dave Grohl, mwimbaji wao, anapasua koo hata pale maneno yalipotaka kunong'onwa.

Otis [13:09]: Kanja usiiguse ile ya kwanza.

Boi [13:09]: Kumbe ni Foo Fighters humtoa Otis shimoni! Tangu Pasaka hajasema neno

Otis [13:14]: Ule wimbo wa kufungua, gitaa zinapandana tu, ngoma bado, na mtu anapiga mayowe kama anayeita ng'ambo ya bonde. Ngoma zikiingia ndipo unajua ulikuwa unangoja nini. Halafu "Best of You" ni wa tatu, hata hujapumua. Brayo aliuimba huo hadi jirani akagonga ukuta. Sasa hiyo ya pili, niambie wimbo gani unaweza kumwamsha mtu.

Kanja [13:20]: Si kila siku mtu anataka kuamshwa. "Friend of a Friend" Grohl aliuandika 1990, akiwa mgeni pale kwenye bendi ya Nirvana, mpiga ngoma ambaye hajazoeana na wenzake, akiwatazama Kurt Cobain na Krist Novoselic. 1992 akautoa kwenye kaseti. Halafu akaukalia hadi 2005, Cobain ameshakufa miaka 11. Gitaa moja na sauti, basi. Ungewekwa kwenye ile ya makelele ungezama.

Otis [13:26]: Huo ni mmoja. Na zingine? Wa pili, wa tatu, wa nne, mwendo ni ule ule. Wamemwita John Paul Jones, mpiga besi wa bendi ya Led Zeppelin, mzima mzima, wakampa mandolini na piano! Ni kama kumwita mchinjaji hodari umpe kitunguu akate.

Boi [13:27]: Mchinjaji umesema? Basi ni mbuzi

Kanja [13:31]: Piano yake ndiyo inaubeba "Miracle". Rudi usikilize. Ah, lakini CD ya pili huna.

Otis [13:31]: Intaneti iko Kisumu pia.

Nduta [15:40]: Mimi napenda ule wa Norah Jones. Naruhusiwa?

Shiru [15:58]: Unaruhusiwa. Uko kwenye ya pili, wa nane. Na wa tisa anayeimba si Grohl, ni mpiga ngoma wao, Taylor Hawkins. Machi 2022 habari za kifo chake zilipotoka Bogotá, Brayo alinipigia alfajiri. Hakusema kitu. Aliweka simu karibu na spika huo wimbo ukacheza hadi mwisho, akakata. Kwa hivyo asiniambie mtu nusu gani ilikuwa yake. Mimi siku zote naona Grohl angezichanganya ingekuwa albamu kali zaidi, upigwe, upumzike, upigwe tena. Lakini alizitenga, 10 huku 10 kule, na tutazisikiliza alivyozipanga.

Shiru [15:59]: Otis, CD itafika lini? Mpe dereva wa matatu kama kifurushi, Kanja ataichukua hapo stendi Ijumaa.

Otis [16:20]: CD haipandi gari bila mimi.

Shiru [16:20]: Basi panda nayo.

Shiru [18:03]: Otis?

Wanja [20:14]: Kwani tunambembeleza wa nini? Ile CD ilitoka nyumbani siku ya kugawa nguo. Mama alitoka jikoni akakuta kasha liko wazi kitandani. Hakuna aliyeulizwa. Tumenyamaza kwa heshima tu.

Otis [20:19]: Wanja, siku ile ningejibu lakini wageni walikuwa wamejaa. Nilipewa.

Wanja [20:19]: Na nani

Otis [20:22]: Na mwenyewe. Wodini. Aliniambia chukua ya kwanza, ya pili ni ya Kanja, halafu mtafutane.

Shiru [20:25]: Mimi nililala kwenye kiti cha ile wodi siku 11. Sikusikia hayo.

Otis [20:26]: Ulikuwa umeenda kutafuta uji.

Shiru [20:31]: Ujumbe huu umefutwa

Kanja [20:44]: Mimi pia ya pili niliipokea mkononi mwake. Hilo la kutafutana ndilo nalisikia leo.

Boi [20:46]: Nimeulizia Bahati, kuna mbuzi mmoja mzuri

Mama Toto [20:46]: Boi nyamaza.

ALHAMISI

Mama [05:21]: Wanangu. Toto amenisomea yote jana usiku na sasa namwambia aandike. Kiingereza cha hizo nyimbo mimi sikijui na sijawahi kutafsiriwa. Lakini chumba changu na cha Brayo ni ukuta mmoja. Akirudi kazini akiweka ile ya makelele nilijua siku imekuwa nzuri, napakua chakula. Akiweka ile ya gitaa la pole pole nilikuwa naacha chai mlangoni, sigongi. Miezi ya mwisho kabla hajalazwa ilikuwa ni hiyo ya pili kila siku. Mara moja tu aliweka ya kwanza, siku ambayo Otis alikuja kumwona kutoka Kisumu. Waliicheza hadi usiku wa manane na mimi sikuwakataza. Otis, sijakuuliza CD na sitakuuliza. Nakuuliza mbona hujakanyaga hapa tangu mazishi. Wanja, wewe pia ni wangu, hayo ya kasha yaache. Jumamosi nitakuwa nyumbani.

Wanja [08:30]: Ndiyo mama.

Otis [08:47]: Nimesikia, mama. Nisamehe.

Shiru [09:15]: Shikamoo mama. Asante. Otis, hiyo ni ndiyo?

Otis [11:02]: Zamu yangu ya usiku inaisha Jumamosi saa moja asubuhi. Nikipata gari linalojaa haraka pale Kisumu, nipitie Kericho, sijui. Nitaona.

Shiru [11:03]: "Nitaona" si jibu, binamu.

Kanja [11:10]: Ukichelewa tutaanza na ya pili.

Otis [11:10]: Usithubutu. Ya pili haina maana kama hujachoshwa kwanza na ile ya kwanza. Sikio linahitaji kuchoka ndipo lile gitaa moja liingie.

Kanja [11:18]: Hapo umesema kitu. Basi tutakungoja.

Otis [11:19]: Na ule wa Friend of a Friend, niliurudia jana usiku kazini. Mara nne.

Kanja [11:19]: Eeeh!

Otis [11:20]: Sijasema umeshinda.

Nduta [14:37]: Samahani, na hizo CD tutaziweka kwenye nini? Redio ya Brayo si ilikufa? Kompyuta yangu haina mahali pa kuingizia CD.

Shiru [14:52]: Nani ana mashine ya CD inayofanya kazi? Tafadhali mjibu leo.

Shiru [17:30]: Nauliza tena.

Boi [17:33]: Gari la Anko Joram lina redio ya CD

Mama Toto [17:35]: Tujipange wote ndani ya Probox? 😂

Shiru [17:36]: Litaegeshwa chini ya dirisha la Brayo, milango wazi, sisi tuwe chumbani. Itasikika vizuri tu. Anko Joram, shikamoo, uko?

IJUMAA

Shiru [07:05]: Anko Joram, tafadhali.

Shiru [13:00]: Waliothibitisha ni Kanja, Nduta, Wanja, Boi, Mama Toto. Otis bado. Wengine ni kimya. Boi, chukua huyo mbuzi.

Boi [13:00]: 🐐🐐🐐

Anko Joram [21:18]: Marahaba. Simu haikuwa na chaji, nimeona leo. Jumamosi ipi?

Shiru [21:18]: Kesho Anko. Saa nane. Uje na gari.

Anko Joram [21:40]: Gari liko na kijana wangu huko Molo. Ngoja nimpigie.