Naomba ushauri: nimebakiwa na wiki tisa kabla ya mashindano yangu ya kwanza ya enduro, Mbeya

Kijana wa Isyesye:

Ndugu wanajukwaa, wakubwa shikamooni, na walio rika langu habari za kazi.

Mimi ni mkazi wa Mbeya, nina umri wa miaka 31 na uzito wa kilo 74. Kwa miaka minne nimekuwa nikienda kazini Mwanjelwa kwa baiskeli, na karibu kila Jumamosi hupanda barabara ya Chunya hadi pale juu ambapo Bonde la Usangu huonekana lote. Mwezi wa nane wenzetu wachache wanaandaa mashindano madogo ya enduro katika vilima vya upande wa Kawetere, nami nimekwisha kulipa kiingilio. Kwa wasioufahamu mchezo huu, kutakuwa na hatua nne za kuteremka zitakazopimwa kwa saa, na kutoka hatua moja hadi nyingine kila mtu atapanda kwa nguvu zake bila kupimwa, ilimradi asichelewe muda aliopangiwa wa kuanza hatua inayofuata. Mshindi ni yule ambaye jumla ya muda wake wa miteremko ni ndogo kuliko ya wenzake.

Baiskeli yangu ni ya mtumba, fremu ya aluminiamu, tairi za inchi 29, ina shokapu ya mbele peke yake yenye milimita 120, na breki za diski zinazotumia mafuta. Wasiwasi wangu mkubwa ni pumzi, kwa hiyo naomba kujua kama niongeze kilomita za kupanda, na kama ni busara kuiuza hii nikatafute yenye shokapu mbele na nyuma. Jumapili iliyopita nilijaribu mteremko mmoja wa msituni, nikafika chini vidole vimekakamaa kiasi cha kushindwa kufungua kifuniko cha chupa ya maji, ingawa nadhani hiyo ilikuwa baridi ya asubuhi tu.

Gangilonga:

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kulipa kiingilio, maana wengi huishia kusema.

Naanza na hilo ulilolitaja mwishoni kana kwamba ni jambo dogo. Vidole vyako havikukakamaa kwa baridi. Vilikakamaa kwa sababu ulishika breki mfululizo kutoka juu hadi chini, na bila shaka ulizishika kwa vidole vitatu au vinne. Sisi tuliotoka kwenye lami wote tulianza hivyo, kwa kuwa barabarani breki ni ya kusimamia, ilhali katika mteremko wa enduro breki ni ya kuchagua mwendo, kisha unaiachia.

Mashindano yangu ya kwanza niliyafanyia nje ya nchi, nikiwa na pumzi tele kama wewe. Hatua ya kwanza nilifika salama, ya pili nikaanza kulegea, na katika ya tatu mkono wa kulia ulikataa kufunga. Niliuona mzizi, nikajua la kufanya, lakini vidole havikuitika, nikatua begani. Mapafu yalikuwa bado yanataka kazi.

Kwa hiyo wiki tano za mwanzo tafuta mteremko mmoja wa dakika tatu au nne na uushuke mara tatu kila siku ya mazoezi. Mara ya kwanza shuka unavyojua. Kabla ya mara ya pili, panda kwa miguu ukichagua alama za kubania breki, kama jiwe fulani au mti uliokatwa, na alama hizo zote ziwe kabla ya kona, si ndani yake. Ukifika kwenye alama bana kwa nguvu na kwa muda mfupi, kisha achia ili tairi ipate nafasi ya kukata kona, kwa sababu tairi inayoombwa kusimama na kugeuka kwa wakati mmoja huteleza. Tumia kidole cha shahada peke yake. Kama breki ni za mafuta na ziko salama, kidole kimoja kinatosha, mradi usogeze mikono ya breki kuelekea katikati ya usukani mpaka kidole hicho kiangukie nchani mwa mkono wa breki, mahali ambapo nguvu kidogo huzaa kubwa. Simama juu ya pedeli zikiwa sambamba na ardhi, visigino vimeshuka, magoti na viwiko vimekunjwa, na uzito wote uusikie nyayoni. Mikono ikibebeshwa mwili, itachoka hata kabla ya kuguswa breki.

Kuhusu kupanda, nenda polepole kwa mkanyago usiobadilika, kwani anayefika juu wa kwanza hapewi kitu. Jina lenyewe la enduro limetoka kwa wenzetu wa pikipiki, na tangu mfululizo wa Enduro World Series ulipoanza mwaka 2013, hadi ulipoingia katika Kombe la Dunia la UCI, chama cha baiskeli cha dunia, mwaka 2023, msingi umebaki kwamba miteremko ndiyo inayohesabiwa. Baiskeli usiiuze. Wanaoshindana huko hutumia shokapu za milimita 150 hadi 170, lakini milimita 120 zilizorekebishwa kulingana na uzito wako zitakufikisha. Funga kipande cha uzi kwenye mguu wa shokapu, kaa juu ya baiskeli bila kurukaruka, shuka, kisha uangalie uzi umesogezwa kiasi gani. Uzi ukiwa umesogea robo ya zile milimita 120 au zaidi kidogo, upepo wa ndani uko sawa.

Spoki 32:

Kaka Gangilonga ameeleza vizuri, nami nina swali moja kwa muuliza swali kabla hajaanza kushuka kwa kidole kimoja. Breki zako ni za kampuni gani, na mara ya mwisho zilitiwa mafuta gani?

Tunda la Tukuyu:

Hamjambo wote. Mimi ni mama wa watoto wawili, na enduro nimeshiriki mara mbili, mara zote nikimaliza katikati ya kundi, kwa hiyo ushauri wangu si wa bingwa.

Njia za Kawetere zinapita chini ya misonobari. Mwezi wa nane ni kiangazi, vumbi letu la majivu ya volkano huwa laini kama unga, na juu yake hulala majani makavu ya msonobari yanayoficha mizizi. Ukiona rangi ya kahawia iliyolala sawasawa, usiiamini, na usibane breki ya mbele juu yake hata kidogo. Waandaaji wakiruhusu mazoezi siku ya kabla, tembea hatua zote nne kwa miguu na ukumbuke sehemu mbili au tatu mbaya za kila hatua. Ukijaribu kukumbuka kila kitu, hutakumbuka chochote.

Tairi mimi huweka bila tyubu, zikiwa na dawa ya kuziba ndani, upepo wa psi 23 mbele na 26 nyuma. Siku ni ndefu, hivyo beba ndizi, viazi vya kuchemsha vilivyotiwa chumvi, na maji ya kutosha, na ule kila unapomaliza hatua hata kama huna njaa. Asubuhi ya mwezi wa nane Mbeya unaijua mwenyewe: vaa glovu na koti jepesi la upepo. Kinga za magoti na kofia inayofunika hadi kidevu azima kama huna. Usishuke bila hivyo.

Spoki 32:

Dada Tunda, kwa mtu wa mara ya kwanza naona ni heri abaki na tyubu, upepo 28 mbele na 30 nyuma, kwa sababu tyubu anaweza kuibadilisha porini kwa dakika kumi, na katika mashindano mengi hairuhusiwi kusaidiwa na fundi wa nje. Dawa ikishindwa kuziba, utahangaika na uchafu mikononi.

Tunda la Tukuyu:

Nami tyubu zimewahi kunipasukia mbili katika hatua moja, zikibanwa kati ya jiwe na rimu. Tumekubaliana kutokubaliana, kaka, ila mwenye dawa naye abebe tyubu moja ya akiba.

Kijana wa Isyesye:

Nawashukuru sana. Ndugu Spoki, breki ni za Shimano. Miezi miwili iliyopita mkono wa breki ya mbele ulikuwa unalegea, nikampelekea fundi mmoja, akatia mafuta ya breki za gari. Zilifanya kazi vizuri siku chache, lakini sasa mkono haurudi haraka, na ninalazimika kuvuta kwa nguvu zaidi.

Spoki 32:

Ndicho nilichokuwa nakihofia, na huenda nusu ya kukakamaa kwa vidole vyako imetoka hapo. Breki za Shimano hutumia mafuta ya madini, na ya gari ni ya aina ya DOT. Hayachanganywi na hayabadilishani, kwa sababu mafuta yasiyo yake huvimbisha raba za ndani, kisha mkono unakuwa mzito na baadaye unavuja. Acha kuitumia breki hiyo leo. Kuisafisha na kutia mafuta sahihi sasa hakutaziponya raba zilizokwisha kuvimba, hivyo tafuta mkono wa breki na kalipa (sehemu inayobana diski) nyingine, hata za mtumba, zikiwa kavu zisizovuja. Pedi zilizoguswa na mafuta zitupe, na diski uifute kwa spiriti na kitambaa safi.

Ukishafunga pedi mpya, usiende nazo mlimani moja kwa moja. Tafuta barabara yenye mteremko mdogo, chukua mwendo wa wastani, punguza taratibu hadi mwendo wa kutembea bila kufunga gurudumu, kisha achia. Rudia mara ishirini kwa kila breki, na utasikia zinavyozidi kushika.

Kijana wa Isyesye:

Wakuu, naleta mrejesho baada ya wiki tatu. Breki ya mbele nimeibadilisha yote, nikapata ya mtumba pale Sokomatola. Juzi nimeshuka mteremko uleule mara tatu kwa kidole kimoja, nikiwa na alama saba, na mara ya tatu nilikuwa na kasi kuliko ya kwanza na breki nilizibana mara chache kuliko mwanzo. Chupa niliifungua. Tyubu nimebaki nazo kwa sasa, Dada Tunda usinichukie.

Kinachonishinda ni kona moja ya kushoto yenye vumbi jingi, inayofuatwa papo hapo na mzizi uliokatiza njia. Nikibana kabla ya kona, nafika kwenye mzizi nikiwa sina mwendo na gurudumu la mbele linakwama. Nisipobana, natoka nje ya njia.

Gangilonga:

Hiyo huenda inahitaji kuingiwa kutoka upande wa nje kabisa wa njia, lakini sitaki kukisia kona nisiyoiona. Ijumaa nakuja Mbeya kwa basi na baiskeli yangu. Nisubiri Uyole Jumamosi saa moja asubuhi, twende tukaitazame kwa miguu kwanza.