Nguzo ya kona ina matundu, fundi anataka kupiga niru. Nikubali?

Mjenzi wa Shangani:
Wakuu, salaam. Najenga Shangani, Mtwara, nyumba ya ghorofa moja. Jana tumefungua mbao za nguzo za chini. Zote safi, kasoro ya kona inayotazama bahari: kuanzia kwenye msingi mpaka usawa wa goti kokoto ziko tupu, hazikushikwa na saruji, na upande mmoja nondo inachungulia. Fundi anasema ni jambo la kawaida, atachapia mchanga na saruji kisha apige niru (uji wa saruji wa kulainisha uso), "hutaiona tena". Bimu na slabu bado. Hela yenyewe ni ya korosho, na msimu ujao uko mbali.

Mama Chikongola:
Hiyo "hutaiona tena" ndiyo inayonitisha. Asiguse kitu kwanza.

Fundi Zege:
Pole kaka. Bila shaka zege lilimwagwa toka juu kabisa ya boksi la mbao, likashindiliwa kwa fimbo. Likidondoka zaidi ya mita moja na nusu, kokoto zinagonga nondo na ringi (vyuma vinavyozifunga nondo), zinajitenga na uji wake wa saruji. Na kama boksi lilikuwa na upenyo chini, uji umevuja wote.

Chukua nyundo, gonga kuzunguka nguzo. Panapolia bubu, tindua kwa patasi mpaka ukute zege gumu. Usimwonee huruma fundi hapo, kina cha shimo ndicho kitakachoamua. Ukiishia kabla ya nondo: sugua kwa brashi ya waya, osha, lowesha, kandamiza mota ya saruji moja kwa mchanga tatu. Ukipita nyuma ya nondo, tindua mpaka vidole vipite nyuma yake, funga boksi lenye mdomo upande wa juu, mimina grauti isiyosinyaa (mchanganyiko mwepesi wa saruji usiopungua ukikauka). Mota ya kawaida ikikauka inasinyaa na kuachia ufa. Kisha funga magunia, yasikauke kwa siku 7.

Mdau wa Mitwero:
Huku Lindi niliona watu wakipaka gundi ya epoksi tu, ikaisha.

Fundi Zege:
Gundi inashikisha zege jipya na la zamani, haijazi shimo. Na hapo Shangani upepo una chumvi. Ikipenya matunduni nondo inashika kutu, kutu inavimba, zege linapasuka kwa ndani huku rangi nje inang'aa.

Mjenzi wa Shangani:
Nimerudi. Tumetindua, patasi imeingia hadi karibu katikati ya nguzo. Upande wa pili nao unalia bubu.

Fundi Zege:
Basi usizibe. Vunja nguzo yote, ubaki na nondo zake. Bahati yako slabu haijakaa juu, ingekuwa kazi ya kuweka mirunda na kumwita mhandisi kwanza. Nondo zisipindwe wala kukatwa. Uso wa msingi uparuzwe, uoshwe. Safari hii kodi vaibreta (mashine ya kutikisa zege lijae vizuri), mwaga kwa vipande, toboa dirisha katikati ya boksi ili zege lisidondoke toka juu. Na maji ya kisima yakiwa na chumvi, usichanganyie.

Mama Chikongola:
Na gharama? Mbao zipo, nondo zipo. Inayopotea ni saruji, kokoto na kibarua cha kuvunja. Hiyo ya kibarua mwambie fundi abebe yeye, na umalizie malipo yake baada ya kufungua boksi, siyo kabla.

Mjenzi wa Shangani:
Amenuna, ila ameshika nyundo.