Kochi mpya kamwambia mpwa wangu aingie potali, sasa ofisi ya wanafunzi wa nje inataka karatasi za hela

Kutoka: Mjomba wa Ohio
Aprili 10, 2025

Habari zenu wanajumuiya, poleni na majukumu. Naomba msaada wa haraka kwa yeyote aliyewahi kupitia hili. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Arusha, yuko mwaka wa pili chuo kimoja cha Divisheni One (daraja la juu la michezo ya vyuo) huku Midwest, skolashipu kamili, anacheza mpira wa kikapu, senta. Kochi aliyemleta katimuliwa mwezi wa tatu, kaja mwingine na wasaidizi wake wote, na yule msaidizi aliyekwenda mpaka Arusha kumwona dogo akicheza kaondoka na bosi wake, simu hapokei.

Wiki iliyopita wachezaji wakaitwa ofisini mmoja mmoja. Dogo anasema ukutani kuna ubao wa sumaku, kila sumaku ina jina, nafasi na mwaka. Yake ilikuwa chini kabisa pembeni na za wenzake watatu, na pale kwenye mstari wa senta kuna majina ya watu hajawahi kuwaona, bado wako vyuo vingine. Kochi kamwambia wewe kijana una adabu na unajituma ila mfumo wangu unataka senta anayefunga pointi tatu, nakushauri uingie potali (orodha ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo). Akatolewa hapo akapelekwa chumba cha pili kwa watu wa kompalayansi (wanaosimamia kanuni za michezo), akapewa tableti, akasaini kwa kidole. Hakunipigia kwanza, na simlaumu, ni mtoto wa miaka ishirini amesimamiwa na watu wazima wawili.

Sasa jana DSO, yule ofisa wa chuo anayeshughulikia wanafunzi wa nje, kamwandikia imeli. I-20 yake (fomu ya chuo ya mwanafunzi wa nje) inaonyesha skolashipu ndo chanzo cha hela, na skolashipu inaisha muhula huu, kwa hiyo alete ushahidi mpya wa hela au aseme SEVIS, yaani rekodi yake ya mwanafunzi serikalini, ihamishiwe wapi. Chuo kipya hana. Swali langu: mimi nikitoa stetimenti ya benki na barua kwamba nitamlipia, je wanahesabu na watoto wangu wanne ninaowalea au wanaangalia salio tu? Nina green card. Dada sijamwambia bado, ana presha.

---

Kutoka: Bi Mkubwa wa Houston

Pole sana baba. Jaza I-134, fomu ya kuahidi kumtunza mtu kifedha, uambatanishe W-2 (karatasi ya mshahara wa mwaka) na stetimenti za miezi sita, mimi ndo nilivyofanya kwa binti wa kaka yangu alipokuja kusoma unesi na ubalozi walikubali bila maneno mengi. Usichelewe maana ofisi hizi zikifika mwezi wa tano hakuna mtu anayejibu. Na huyo mtoto anakula? Pasaka hii ndo hiyo inakuja na mabweni yatakuwa matupu, mwambie apande basi aje kwako.

---

Kutoka: Mwalimu wa Kansas

Bi Mkubwa, kwa heshima zote, I-134 ni ya serikali, wewe uliipeleka ubalozini kwenye intavyuu ya visa. Kwa I-20 kila chuo kina fomu yake ya hela, vingine vinaipokea I-134 na vingine havitaki hata kuiona. Tusimpe mtu njia ya kwetu tukadhani ndo ya wote.

Nimefanya kazi miaka kadhaa ofisi ya kompalayansi ya chuo kimoja hapa kwa hiyo naomba nieleze vizuri maana naona jambo kubwa linapitwa. Kijana HAKUTAKIWA kusaini ile tableti siku ile. Kochi mpya hana mamlaka ya kumfuta mtu skolashipu ofisini kwake. Chuo kikitaka kutoirudisha lazima kimpe barua kabla ya Julai 1 na kimweleze ana haki ya kusikilizwa, na anayemsikiliza ni kamati ya nje ya idara ya michezo. Zile konferensi kubwa, yaani ligi za vyuo vikubwa, tangu 2015 haziruhusiwi kabisa kumnyima mtu skolashipu kwa sababu eti kiwango chake kidogo. Lakini mchezaji akiomba MWENYEWE kwa maandishi kuingia potali, chuo kina siku mbili za kazi kuweka jina lake na baada ya hapo kinaruhusiwa kukata skolashipu mwisho wa muhula. Ndo maana wanaharakisha ile saini. Ukimfukuza unaandika barua na kujibu maswali, akiondoka kwa saini yake hakuna swali.

Mjomba, tafuta ile karatasi ya skolashipu aliyosaini alipokuja, angalia imeandikwa mwaka mmoja mmoja au miaka minne. Vyuo vinaruhusiwa kutoa ya miaka mingi toka 2012. Kama ni ya mwaka mmoja kazi ni ngumu ila hata hivyo aombe kusikilizwa, aeleze alivyosainishwa. Anaweza kujitoa kwenye potali pia ila chuo hakilazimiki kumrudishia chochote.

Na dirisha la kuingia potali mwaka huu ni siku 30, lilifunguliwa Machi 24 linafungwa Aprili 22.

---

Kutoka: Kijana wa Kasarani, Dallas

Hapo kwa dirisha umekosea mwalimu. Kwa kanuni ya mwaka huu 2025, kochi mkuu akiondoka wachezaji wake wanapata siku 30 zao, zinaanza kuhesabiwa kuanzia siku baada ya tangazo, hazifuati hiyo kalenda ya wote. Na siku 30 ni za kuingiza jina, si za kupata shule. Jina likishaingia unaweza sajiliwa hata Juni.

Mimi nilicheza JUCO, chuo cha miaka miwili, kisha Divisheni Two so hii maneno naijua. Watu wa nyumbani wanafikiri kochi anakuja, anatazama vijana aliowakuta, anawafundisha. Hiyo ilikuwa zamani. Siku hizi kochi mpya anapewa kama wiki tatu hivi ajenge timu nzima na wenye pesa wako nyuma yake wanataka kushinda mwaka huu huu. Angalieni Michigan. Msimu wa 2023-24 walishinda nane wakapoteza ishirini na nne, wakamleta kochi Dusty May kutoka Florida Atlantic, akaja na senta wake Goldin kutoka kule kule, akamtoa Danny Wolf Yale, msimu huu wameshinda mechi 27, wamechukua kombe la ligi yao ya Big Ten na kufika Sweet 16, timu 16 za mwisho za taifa. Nani atamwambia huyo angoje mtoto wa mwaka wa pili ajifunze kufunga tatu? Kentucky, kochi Calipari alipoenda Arkansas mwaka jana hakubaki mchezaji hata mmoja wa skolashipu, kochi mpya Mark Pope alianza na ukumbi na viti. Na jumatatu Florida wamechukua ubingwa wa vyuo, Clayton alitoka Iona, Richard alitoka Belmont, Martin alitoka Florida Atlantic. Kochi wote wanatazama hiyo na wanafuata.

Wanaoumia ni wale project. Huyo kijana aliletwa na kochi aliyekuwa tayari kungoja miaka miwili mitatu, sasa aliyeahidi kungoja hayuko. Mwamerika akiachwa anarudi kwa mamake, anafanya kazi, anatafuta shule polepole. Wetu ana F-1, visa ya mwanafunzi. Hawezi kufanya kazi nje ya kampasi, hawezi kukaa tu.

---

Kutoka: Bi Mkubwa wa Houston

Florida msinitajie. Walitufunga Houston fainali 65-63. Bado naumwa.

---

Kutoka: Mulushois wa Lexington

Jambo yenu bote. Kwa mambo ya F-1 musisahau Oscar Tshiebwe, mutoto wa kwetu Lubumbashi. Alikuwa West Virginia, akahama kuja hapa Kentucky Januari 2021, na 2022 akawa mchezaji bora wa Marekani yote, ribaundi 15 kila mechi. Wenzake walikuwa wanachukua pesa ya NIL, ya jina na sura ya mchezaji, kwa matangazo ya magari na chakula, yeye hapana, sababu ya visa. Ilibidi angojee timu isafiri Bahamas Agosti 2022, kule nje ya Marekani ndipo akafanya matangazo yake haraka haraka kabla ya kurudi. Mchezaji namba moja wa nchi! Siku ile alipochukua tuzo, kanisani kwetu wamama waliimba mpaka usiku.

Kwa hiyo ndugu wa Ohio, makochi wakikwambia pesa ya NIL itamulipia mutoto ada, usikubali. Kwa F-1 hiyo njia ni ya hatari.

---

Kutoka: Mzee wa Maryland

Mimi nawasoma tu ila roho inaniuma. Hasheem Thabeet alitoka Makongo pale Dar, akaenda chuo cha UConn 2006 hajajua mpira vizuri, kochi Jim Calhoun akakaa naye misimu mitatu, 2009 akachaguliwa wa pili NBA nzima, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Mutombo alifika Georgetown 1987 kwa skolashipu ya USAID akitaka kuwa daktari, kochi Thompson ndiye aliyemchukua kikapuni, na alimaliza digrii yake, marehemu, Mungu amrehemu. Hao wote wangekuja leo mwaka wa kwanza wangekuwa kwenye potali kabla ya kujifunza njia ya kwenda maktaba.

Na sisi nyumbani tumefanya nini? Kigali wana ukumbi wa watu elfu kumi tangu 2019, BAL, ligi ya kikapu ya Afrika, imeanzia pale. Sisi na uchumi wote huu vijana wanacheza juani kwenye sakafu ya saruji iliyopasuka, halafu tunashangaa mtoto wetu anategemea hisani ya kochi wa Marekani ambaye hata jina lake hawezi kulitamka. Nikifikiria pale Upanga jioni, watoto wamejaa uwanjani, nina hasira na viongozi wetu kuliko na huyo kochi.

---

Kutoka: Kijana wa Kasarani, Dallas

Mzee uko sawa kuhusu viwanja lakini usiseme hakuna nafasi. Rueben Chinyelu wa Nigeria alikuwa Washington State, kochi wake akaenda Stanford mwaka jana, naye akaingia potali, jumatatu amechukua ubingwa na Florida. Senta mrefu anayelinda bado anatafutwa. Mtafutieni huyo kijana video za ulinzi, si za kufunga.

---

Kutoka: Mama Tatu, Minnesota

Mnaongelea mpira na mimi naogopa kitu kingine. Hamjaona wiki hii wanafunzi wanafutiwa SEVIS bila hata barua? Na jumamosi iliyopita visa za watu wa Sudan Kusini zote zimefutwa siku hiyo hiyo Khaman Maluach anacheza Final Four, nusu fainali ya vyuo, na Duke, mtoto aliyekulia Kawempe, Uganda, amecheza Olimpiki Paris. Hii siyo wakati wa kijana wa F-1 kuwa hewani hana shule. Mjomba, wasiliana na wakili kabla hujapeleka karatasi zozote zenye jina lako.

---

Kutoka: Mwalimu wa Kansas

Mama Tatu tusimtishe. Mtanzania si Msudani Kusini na kufutiwa SEVIS si jambo la potali. Mambo ni haya: yuko darasani mpaka Mei, likizo ya kiangazi inahesabika yuko sawa kama anaendelea Agosti, na akihama SEVIS inahamishwa kwa tarehe mnayokubaliana na DSO, aanze chuo kipya ndani ya miezi mitano. ASIACHE darasa hata moja sasa hivi. Akifeli muhula huu hakuna kochi atakayemgusa, maana akiingia mwaka wa tatu anatakiwa awe na asilimia 40 ya digrii, na krediti zingine zitapotea kwenye kuhama.

---

Kutoka: Mama Tatu, Minnesota

Simtishi, nasema niliyoyaona hapa kwetu. Wewe uko ofisini, sisi ndio tunaowapokea watoto usiku na mabegi yao.

---

Kutoka: Mjomba wa Ohio
Aprili 12, 2025

Asanteni nyote, nimesoma kila neno. Tumeitafuta ile karatasi, ni ya mwaka mmoja mmoja. Leo ameandika imeli ofisi ya misaada ya fedha akiomba kusikilizwa, ameeleza alivyopewa tableti, nimempa na nakala ya ujumbe wa kochi. JUCO moja ya Kansas imempigia, na chuo kimoja cha Divisheni Two, vyote wanataka video. Dada nimemwambia, kalia, halafu kauliza kama mtoto anaendelea na masomo, nikamjibu ndiyo.

Ila DSO bado anataka karatasi za hela ijumaa na swali langu la watoto wanne hakuna aliyelijibu. Kuna mtu anajua?

---

Kutoka: Bi Mkubwa wa Houston

Mimi nilikuwa na mmoja tu nyumbani wakati ule, sikuulizwa. Video zake zitume hapa, mwanangu anajua kukata na kuunganisha.