Msaliti kwa sababu hakusimama? Wana Lubumbashi, tuongee

Baba wa Kamalondo
Mtoto wa ndugu yangu ameniita msaliti. Wimbo wa taifa ulipigwa kwenye televisheni, yeye akasimama, mimi nikaendelea na bukari yangu, ugali. Nauliza bila hasira: kosa langu ni lipi?

Nimesoma shule ya msingi enzi za Mobutu. Asubuhi bendera, halafu kuimba na kucheza kumsifu Rais. Mwaka 1971 nchi ikawa Zaire, mwaka uliofuata tukavuliwa majina ya ubatizo. Mwaka 1997 tukaamka Wakongomani tena, na 2006 bendera ikabadilishwa. Moyo wangu uzifuate zote? Baba alifanya kazi kwenye shaba. Unga, maharage, hospitali, masomo, vyote vilitoka kwa kampuni. Tulilelewa na poso, hicho chakula cha kampuni, Kinshasa tuliisikia redioni. Ungeniuliza utotoni nchi yangu ni ipi, ningekuonyesha bomba la moshi na kile kilima cheusi cha taka za madini.

Kijana wa Ruashi
Baba, heshima yako. Mimi tarehe 7 Februari 2024 nililia mbele ya watu. Kabla ya nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika na Côte d'Ivoire, Léopards, timu yetu ya taifa, walifunika mdomo kwa mkono mmoja, na kwa mwingine wakajiwekea vidole kichwani kama bastola. Ndugu zetu wa Mashariki wanauawa na dunia imenyamaza, ndiyo walichosema. Tulifungwa 1-0, na sikuona aibu hata kidogo.

Baba wa Kamalondo
Kulia hakugharimu kitu. Umewahi kufika Goma, huko Mashariki?

Kijana wa Ruashi
Hapana. Hata Kinshasa sijafika. Ndiyo maana nilishangaa ilivyoniuma.

Mkatanga wa damu
Mnazunguka. Shaba inachimbwa hapa Katanga, pesa zinaliwa kule Kinshasa. Wazee wetu waliliona hilo tangu 11 Julai 1960, siku kumi na moja tu baada ya uhuru, ndipo Tshombe, kiongozi wetu wa hapa, akatangaza Katanga inajitenga. Ninaipenda Katanga na simchukii mtu.

Kijana wa Ruashi
Katanga ipi, yaya, mkubwa wangu? Tangu 2015 ni majimbo manne. Na Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, aliuawa hapa jirani, chini ya bendera ya Katanga yako hiyohiyo.

Mama wa Katuba
Nimesoma kimya, sasa niseme. Nimezaliwa Likasi, wazazi wangu ni wa Kasai. Kiswahili ndiyo lugha yangu, Kiluba cha nyumbani nakisikia zaidi ya kukisema. Mwaka 1992 majirani tuliokuwa tukiazimana chumvi walianza kutuita bilulu, wadudu. "Hatumchukii mtu", hata wao walianza hivyo, yaya unayejiita wa damu. Tukafukuzwa, tukalala stesheni na watoto na masufuria, tukingoja gari moshi la kutupeleka Kasai, mahali ambapo mimi sikuwahi kukaa hata siku moja. Wengine walizikwa njiani.

Nilirudi kwa sababu hapa ni kwetu. Lakini ukisema Kongo ni jina tu, kwamba nchi ni mahali ulipolelewa na kula poso, mimi nabaki wapi? Mimi pia nilikula hiyo poso. Haikuzuia kitu. Wewe unaweza kukaa wimbo ukipigwa, Baba, hakuna atakayekuuliza umetoka wapi. Mimi nasimama wa kwanza, na ninaangalia nani ananiangalia.

Baba wa Kamalondo
Mama, pole sana. Hilo la kuulizwa ninatoka wapi sikulifikiri, kweli. Lakini siku zile jeshi lilikuwepo, serikali ilikuwepo, bendera ilipepea pale pale stesheni. Iliwafanyia nini?

Mama wa Katuba
Haikutufanyia kitu. Nyumba ya baba yangu ina watu wengine mpaka leo, na karatasi zake ninazo. Ninaidai serikali hiyo. Nikisema si nchi yangu, hizo karatasi nitampelekea nani?